Elektrodi Kavu: Hotuba kwa Mafundi Wachomeleaji na Watunza Stoo wa Pwani

Ndugu mafundi wachomeleaji, wasimamizi wa karakana, watunza stoo, wanunuzi wa vifaa, na vijana mlioko vyuoni, nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja kusikiliza jambo ambalo kwa kawaida hutajwa haraka mwishoni mwa mafunzo, baada ya mashine, mkondo wa umeme na mwendo wa mkono kumaliza muda wote. Nimeombwa nizungumzie utunzaji na ukaushaji wa elektrodi, yaani zile fimbo za kuchomelea za waya wa chuma uliopakwa ganda, kabla ya kuchomelea. Nitasema mapema ninachokiamini ili mpate kukipima: ukavu wa elektrodi ni sehemu ya mshono, sawa na kiwango cha mkondo na usafi wa bamba, na karakana inayopokea kazi ya chuma kinene au chuma chenye nguvu kubwa bila kuwa na njia ya kuzitunza elektrodi zikiwa kavu imepokea kazi isiyoiweza, hata kama mafundi wake ni hodari namna gani.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu sisi wa pwani. Kuanzia Mombasa hadi Tanga, Dar es Salaam hadi Mtwara, hewa tunayovuta imejaa maji karibu mwaka mzima. Alfajiri za masika unyevuanga hupita asilimia 90 mara nyingi, na hata mchana wa jua kali haushuki vya kutosha kutusaidia. Wako watengenezaji wanaoandika kwamba stoo ya elektrodi ambayo joto lake limezidi nyuzi 25 za Selsiasi haipaswi kuwa na unyevuanga unaozidi asilimia 40. Joto hilo tunalo kila siku, lakini asilimia 40 hatuwezi kuipata kwa kufungua madirisha, maana kinachoingia dirishani ni ule ule unyevu tunaoukimbia. Fundi aliyezoea kazi Dodoma wakati wa kiangazi anaweza kuacha pakiti wazi mezani siku nzima asione tofauti kubwa, lakini akija na mazoea hayo Kigamboni au Likoni, elektrodi zake zitakuwa zimebadilika kabla hajamaliza zamu.

Ili tuelewane kuhusu kinachobadilika, tuitazame elektrodi yenyewe. Tangu Oscar Kjellberg wa Sweden alipoanza kuzipaka nyaya za kuchomelea ganda mwanzoni mwa karne ya 20, kazi kubwa ya elektrodi imekuwa ikifanywa na ganda hilo kuliko wengi wetu tunavyodhani. Waya wa ndani huleta umeme na chuma cha kujazia. Ganda hutoa gesi inayoifukuza hewa kwenye tao, yaani ule mwale wa umeme unaoruka kati ya elektrodi na bamba, hutengeneza slagi, yaani gamba linaloufunika mshono usipoe ovyo, hulituliza tao, na mara nyingine huongeza madini kwenye chuma kilichoyeyuka. Unga huo wote hushikanishwa na silikati ya sodiamu au ya potasiamu, na silikati hiyo, pamoja na vitundu vidogo vilivyomo ndani ya ganda, huvuta unyevu wa hewa kama chumvi ya jikoni iliyoachwa bila kifuniko wakati wa masika. Elektrodi haihitaji kunyeshewa mvua ili iharibike. Inatosha kukaa nje ya pakiti yake katika hewa ya kawaida ya hapa kwetu.

Maji hayo yakifika kwenye tao hayabaki kuwa maji, kwa sababu joto la tao huyavunja yakawa haidrojeni na oksijeni, na chuma kilichoyeyuka hupokea haidrojeni kwa urahisi mkubwa. Chuma kikianza kuganda, uwezo wake wa kuishikilia haidrojeni hupungua ghafla. Sehemu yake hutoka ikiwa mapovu, na mapovu yanayokosa njia hugandia ndani yakawa vitundu, ambavyo mara nyingi fundi huviona mwanzoni mwa mshono. Vitundu ni hasara, lakini ni hasara inayoonekana. Fundi huvikata kwa grainda na kuchomelea upya. Haidrojeni inayonitia hofu ni ile isiyotoka. Chembe zake ni ndogo mno, na ndani ya chuma kilichokwisha kupoa huendelea kutembea, zikihamia polepole kwenye eneo la pembeni mwa mshono ambalo halikuyeyuka lakini liliguswa na joto kali kisha likapoa haraka na kuwa gumu.

Hapo ndipo unapozaliwa ufa. Mambo matatu yakikutana, yaani haidrojeni ya kutosha, chuma kilichokuwa kigumu kwa kupoa haraka, na mvutano unaobaki kwenye kiungo baada ya kazi, chuma hupasuka kikiwa baridi, bila mzigo wowote juu yake. Ufa huo huweza kujitokeza baada ya saa chache, au kesho yake, au hata kesho kutwa. Ndiyo sababu wakaguzi katika kazi za vyuma vyenye nguvu kubwa husubiri hadi saa 48 baada ya mshono kukamilika kabla ya kuupima kwa mawimbi ya sauti au kwa unga wa sumaku. Anayepima saa mbili baada ya kazi anaweza kuweka sahihi kwa dhamiri safi kabisa kwenye mshono utakaopasuka usiku ule ule, na mara nyingi utapasukia chini ya uso, pembeni mwa mshono wenyewe, mahali ambapo jicho halifiki.

Mfano tunaokutana nao sana barabarani ni wa chesisi ya trela. Mihimili ya trela nyingi za mizigo mizito hutengenezwa kwa chuma chenye nguvu kubwa kuliko chuma cha geti au cha dirisha. Trela inapasuka njiani, inaburutwa hadi karakana ya karibu, na fundi anachukua elektrodi za E7018, za aina ya haidrojeni kidogo nitakayoieleza baadaye, zilizokuwa kwenye kopo lililo wazi tangu wiki iliyopita, anajaza ufa vizuri, anapaka rangi, na gari linaondoka. Baada ya muda linarudi. Ukilichunguza utakuta mshono wa fundi uko salama, umenyooka, mzuri wa kutazama, na chuma kimekatika milimita chache pembeni yake, kwa mstari unaoufuata mshono ule kama uliochorwa kwa rula. Mwenye gari hulaumu chuma, fundi hulaumu mzigo uliozidi, na huenda mzigo kweli ulizidi, lakini hakuna anayeuliza elektrodi zilikuwa wapi usiku wa kuamkia kazi.

Nyufa za aina hii zimewahi kujulikana duniani kwa gharama kubwa zaidi. Huko Melbourne, Australia, daraja la King Street lilifunguliwa mwaka 1961, na tarehe 10 Julai 1962, asubuhi ya baridi, sehemu yake moja ikaporomoka chini ya lori zito la tani 45. Mihimili yake ilikuwa imeanza kupasuka pembeni mwa mishono, kwenye ncha za mabamba ya ziada yaliyochomelewa chini ya mihimili hiyo, katika chuma ambacho kilikuwa kigumu kukichomelea kuliko ilivyodhaniwa. Sisemi kwamba elektrodi zenye unyevu ndizo zilizoliangusha daraja lile, kwa sababu mlolongo wa makosa ulikuwa mrefu na ulianzia kwenye uchaguzi wa chuma chenyewe. Nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi nyufa zilizozaliwa karakanani zinavyoweza kupita ukaguzi wote, zikafunikwa rangi, zikasubiri mzigo na baridi.

Sasa nije kwenye jambo linalowachanganya mafundi wengi wazuri. Wapo wanaosikia kwamba elektrodi zikaushwe, wakarudi karakanani na kuzitia zote kwenye joto moja. Kufanya hivyo ni kuziharibu. Elektrodi tunazotumia zaidi ziko katika makundi matatu, na kila kundi lina matakwa yake juu ya maji.

Kundi la kwanza ni la ganda la rutili, yaani madini ya titani, ambalo mfano wake mnaoujua wote ni E6013, elektrodi ya mageti, vitanda, fremu za milango na mabati. Ganda lake limetengenezwa liwe na unyevu kidogo, na bila unyevu huo tao halitulii vizuri. Ikiwa imehifadhiwa vyema kwenye pakiti haihitaji kukaushwa. Ikiwa imepata unyevu uliozidi, ambao fundi huutambua kwa tao linalotatarika, cheche nyingi, slagi inayong'ang'ania na vitundu, inatosha kuiweka kwenye joto la nyuzi 100 hadi 150 kwa muda wa saa moja hivi, kufuatana na maandishi ya mtengenezaji. Ukiipeleka nyuzi 350 kwa kudhani kwamba joto zaidi ni usalama zaidi, umeiua.

Kundi la pili ni la ganda la selulosi, yaani nyuzinyuzi za mimea, kama E6010 na E6011, elektrodi za wachomeleaji wa mabomba, zinazochimba kwa nguvu na kuteremka kwa kasi katika mshono wa kwanza wa bomba. Hizi hazikaushwi kabisa. Ganda lake linahitaji kuwa na maji ya asilimia 3 hadi 7 ili tao liwe na ile nguvu yake ya kusukuma, na ukilitia tanurini utachoma selulosi na kuiacha elektrodi isiyofaa. Ziwekwe kwenye kopo lake lililofungwa, katika joto la kawaida la stoo, mbali na tanuri. Nasisitiza hili kwa watunza stoo, kwa maana nimeona nia njema ikiharibu katoni nzima za E6010: mtu amenunuliwa tanuri jipya, amefurahi, na ameingiza ndani yake kila kitu kilichokuwa kwenye rafu.

Kundi la tatu ndilo lenye uzito wote wa hotuba hii, nalo ni la elektrodi zenye haidrojeni kidogo, za ganda la chokaa na floraiti, kama E7016 na E7018 na ndugu zake wa nguvu kubwa zaidi kama E8018 na E9018. Hizi zilibuniwa makusudi ili kuzuia ufa niliouelezea, na kila kitu ndani ya ganda lake kimechaguliwa ili maji yawe machache mno. Kwa E7018 ya kawaida, kanuni za Marekani zinaruhusu maji yasiyozidi asilimia 0.6 ya uzito wa ganda, na kwa zile zinazotengenezwa zistahimili unyevu, zenye herufi R mwishoni mwa jina, kiwango ni kidogo zaidi, asilimia 0.3 zikiwa mpya. Maana yake ni kwamba katika gramu 100 za ganda, tofauti kati ya elektrodi nzuri na mbaya ni sehemu ya gramu moja ya maji. Hakuna fundi duniani anayeweza kuiona tofauti hiyo kwa macho wala kuihisi kwa vidole, na elektrodi hiyo inaweza kuwaka vizuri, ikatoa slagi inayobanduka yenyewe na mshono wa kupendeza, huku ikiwa imekwisha kupoteza sifa yake pekee iliyokufanya uinunue kwa bei ya juu.

Kwenye pakiti nyingine mtaona alama H4, H8 au H16. Tarakimu hiyo inaeleza kiwango cha juu cha haidrojeni, kwa mililita, katika kila gramu 100 za chuma kilichowekwa kwenye mshono. Elektrodi ya selulosi kwa kawaida huacha zaidi ya mililita 30. Basi anayetumia E7018 iliyolowa ajue kwamba ameitoa kwenye daraja lake na kuisogeza kuelekea upande huo wa pili, bila kuiambia bamba, bila kumwambia mhandisi aliyepanga chuma kipashwe joto kiasi gani kabla ya kuchomelewa kwa kutegemea tarakimu iliyoandikwa kwenye pakiti.

Je, E7018 iliyokaa wazi inarejeshwaje katika hali yake? Kanuni ya Marekani ya miundo ya chuma, ijulikanayo kama D1.1, inataka elektrodi za kundi la E70, yaani zenye majina yanayoanza na E70 kama E7018, zikaushwe kwa muda usiopungua saa mbili katika joto la kati ya nyuzi 260 na 430. Wengi wa watengenezaji huandika joto lao ndani ya masafa hayo, na maandishi ya mtengenezaji wa elektrodi uliyoishika mkononi ndiyo ya kufuatwa. Tazameni ukubwa wa tarakimu hizo, kwa sababu zinajibu maswali mengi kwa mara moja. Kuanika elektrodi juani juu ya bati kunafikisha labda nyuzi 60, na hapo unayaondoa maji ya juu juu tu, wakati maji yaliyoshikwa na silikati ndani ya ganda yanabaki palepale. Sanduku la mbao au la bati lenye balbu ndani, ambalo nimeliona katika karakana nyingi na ambalo silidharau hata kidogo, linasaidia kuzuia elektrodi zilizo kavu zisipate unyevu mpya, hasa zile za rutili, lakini haliwezi kukausha E7018 iliyokwisha kuvuta maji. Oveni ya jikoni nayo nyingi zinakomea nyuzi 250, chini ya mahali ambapo kazi inaanzia, tena oveni iliyowahi kutiwa elektrodi haipaswi kupikiwa chakula cha watu tena.

Mbili kati ya njia za mitaani ni mbaya kuliko kutokausha. Moja ni kuweka elektrodi juu ya jiko la mkaa, ambako upande mmoja huungua na mwingine hubaki na maji, ganda likapata nyufa na kumomonyoka. Nyingine ni ile ya kuigusisha elektrodi kwenye bamba ikiwa kwenye holda na kuiacha inase hadi waya uive, ndipo fundi aanze kuchomelea. Mvuke unaotoka kwa kasi chini ya ganda huliachanisha na waya, na vitu vilivyomo kwenye ganda vinavyolinda mshono huharibika kabla tao halijawashwa. Fundi anayefanya hivyo huamini kwamba amekausha, kwa kuwa ameuona moshi ukitoka.

Tanuri linalofaa lina kipimajoto kinachosema kweli, kilichohakikiwa kwa kipimajoto kingine, na lina tundu la kutolea mvuke, kwa maana maji yanayotoka kwenye elektrodi yasipopata njia hurudi mle mle. Elektrodi zitolewe kwenye katoni na plastiki, zitandazwe kwa tabaka chache ili joto lifike katikati, na zianze kwenye tanuri ambalo joto lake halijavuka nusu ya joto la mwisho. Zikae hapo kwa nusu saa angalau, kisha ndipo joto lipandishwe. Ukizitupa zikiwa baridi kwenye tanuri la nyuzi 350, maji hugeuka mvuke kwa ghafla na ganda hupasuka. Saa mbili zinaanza kuhesabiwa tanuri likishafika kwenye joto la mwisho. Wakati uliposukuma mlango na kuondoka haumo katika hesabu. Kosa la hesabu hii ni la kawaida mno, na huwafanya watu kuandika saa mbili kwenye daftari wakati elektrodi zilipata dakika 50.

Zikishakauka zihamishiwe kwenye tanuri la kuhifadhia lenye nyuzi 120 au zaidi, zikae humo hadi zitakapotakiwa. Fundi apewe idadi anayoweza kuimaliza kwa saa chache, akiwa na kibebeo chenye joto kando yake, na kibebeo hicho kifunikwe kila anapochukua moja. Vibebeo vingine hutumia umeme wa mashine ile ile ya kuchomelea, kwa hiyo kukosekana kwa soketi kule juu ya jukwaa hakuwezi kuwa udhuru.

Muda wa kukaa nje nao una mpaka. Kanuni niliyoitaja inaruhusu E7018 ya kawaida ikae hewani kwa saa 4, na yenye alama ya R kwa saa 9. Kadiri nguvu ya elektrodi inavyopanda muda hupungua: E80 saa 2, E90 saa 1, E100 na E110 nusu saa tu. Mimi binafsi, kwa kazi za pwani wakati wa masika, ningependa msimamizi aupunguze muda huo na si kuukaribia, kwa sababu mipaka hiyo haikuandikwa kwa kuitazama bandari ya Tanga saa 12 alfajiri. Elektrodi iliyokaa nje ndani ya muda unaoruhusiwa inaweza kurudishwa kwenye tanuri la kuhifadhia, ikakaa humo kwa saa 4 kabla ya kutolewa tena. Iliyopitiliza muda inarudi kwenye ukaushaji kamili, na kanuni hiyo inaruhusu ukaushaji kamili mara moja tu, kwa kuwa kila safari ya joto kali hulidhoofisha ganda. Hapo ndipo unapohitajika utaratibu wa kuziwekea alama zilizokwisha kukaushwa, kwa rangi kwenye ncha ya kushikia au kwa chombo chake cha peke yake, la sivyo hakuna atakayejua ni ipi inakwenda mara ya kwanza na ipi ya tatu.

Kuhusu stoo sina maneno mengi, kwa sababu kila mtu anaijua kanuni na wachache wanaifuata. Katoni zisikae sakafuni wala zisiegemee ukuta wa nje. Ziwe juu ya mbao, hewa ipite chini na nyuma yake. Zilizoingia kwanza zitoke kwanza. Katoni isirushwe, kwa maana ganda lililopasuka haliponi. Namba ya toleo iliyo kwenye pakiti ifuate elektrodi hadi kwenye mshono, iandikwe daftarini, ili siku mishono miwili ikipasuka ijulikane mingine iliyochomelewa kwa toleo lile iko wapi. Na pakiti inayofika ikiwa imechanika ikataliwe mlangoni, au ihesabiwe kuwa imekwisha funguliwa tangu siku hiyo.

Wenye karakana ndogo wataniuliza tanuri la nyuzi 400 watalipata wapi, na umeme wa kulilisha watautoa wapi siku ukikatika. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu la kweli. Ipo njia nyingine, nayo ni elektrodi zilizofungwa kwenye pakiti ndogo za ombwe, ambazo mtengenezaji amezikausha na kuzifunga hewa isiingie. Unafungua pakiti moja, unaitumia ndani ya saa ambazo mtengenezaji ameziandika, na unafungua nyingine pale tu ya kwanza inapokaribia kwisha. Kabla ya kufungua, ishike: pakiti yenye ombwe inabana elektrodi, ngumu kama ubao, ikiwa imelegea, hewa imeingia, nayo ihesabiwe kuwa haina ulinzi. Kwa kilo, pakiti hizi ni ghali kuliko katoni ya kawaida. Lakini karakana inayotengeneza chesisi tatu kwa mwezi haihitaji kilo nyingi, na bei hiyo ipaswa kuingia kwenye makadirio anayopewa mteja, iandikwe kwa jina lake, kama vile gharama ya bamba na ya diski za grainda zinavyoandikwa. Fundi asiachiwe alipe ukavu wa elektrodi kutoka mfukoni mwake, kwa maana tunajua sote ataulipa kwa kukaa kimya.

Wenye matanuri nao wajiandae kwa kukatika umeme. Mlango usifunguliwe. Saa ya kukatika iandikwe. Joto likishuka chini ya nyuzi 120, elektrodi zilizomo zianze kuhesabiwa kama zilizo nje, na umeme ukirudi uamuzi ufanywe kwa kutazama saa na kipimajoto, wala si kwa kutazama kama mteja amekwisha kufika. Kila tanuri liwe na mtu mmoja mwenye jina, anayelifungua na kulifunga, anayejaza daftari, na mwenye mamlaka ya kumnyima fundi elektrodi, hata awe fundi mkuu. Nimeyaona matanuri mazuri yakigeuka makabati ya kuhifadhia glavu na chai kwa sababu yalikuwa ya wote.

Ziko dalili chache za kutazama kwa elektrodi usiyoijua historia yake. Unga mweupe uliojitokeza juu ya ganda unaonyesha kwamba silikati imekutana na unyevu na hewa kwa muda mrefu. Kutu kwenye ncha ya waya, hasa pale waya unapoingia kwenye ganda, ni ushahidi wa maji. Elektrodi chache zilizo kavu ukizigonganisha kiganjani hutoa sauti kali ya kulia. Zilizolowa hutoa sauti nzito, butu. Tumieni dalili hizi kwa kukataa tu. Unga mweupe unatosha kuikataa elektrodi, lakini kukosekana kwake hakutoshi kuikubali kwa kazi ya daraja, kreni au tangi la shinikizo, kwa sababu ile sehemu ya gramu niliyoitaja haina unga wala sauti.

Lililobaki ni elektrodi zilizolowa kabisa, za katoni iliyonyeshewa au iliyopitiwa na maji ya mafuriko stoo. Kanuni haina mjadala hapo: elektrodi iliyokwisha lowa haitumiki, hata ikikaushwa. Tatizo ni kwamba hazitupwi. Huwekwa pembeni, jua linazikausha juu juu, mtu mwingine wa zamu nyingine anazikuta zikiwa nyingi na za bure, na kufikia mwisho wa mwezi zimo kwenye kazi. Ninachowaomba watunza stoo walioko hapa ni kwamba katoni ikilowa, kabla ya kuondoka siku hiyo, zimomonyoeni ganda kwa nyundo au zikunjeni mafungu mafungu hadi ganda lipukutike, waya upelekwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na idadi yake iandikwe daftarini pamoja na namba ya toleo na sahihi ya msimamizi.